"Natafuta Maisha": Uchambuzi wa Kisa cha Muuguzi Aliyekwenda Kufanya Kazi Ughaibuni

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu muuguzi niliyemshauri kwa takriban miaka minne, tangu miezi michache kabla hajaondoka nchini kwao hadi familia yake ilipofanya uamuzi wa pili kuhusu mahali pa kuishi. Jina lake, nchi aliyotoka, nchi aliyokwenda, pamoja na majina ya waajiri na mawakala vimeondolewa, na mambo madogo machache yamebadilishwa ili asitambulike. Mwenyewe aliisoma rasimu, akaniomba nirekebishe sehemu mbili, nami nikazirekebisha. Humu nitamwita Bi. N.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu nilikielewa vibaya tangu siku ya kwanza, na kosa langu ni la kawaida kwa watu wanaofanya kazi ya kuwashauri wahamiaji. Niliamini kwamba Bi. N. anaondoka kwa sababu ya mshahara. Mshahara ulikuwemo ndani ya sababu zake, lakini si uliomwondoa.

Usuli

Alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 34, ameolewa, na ana watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya umma kwa miaka 11, sita ya mwisho katika wadi ya watoto wachanga. Mumewe alikuwa fundi umeme mwenye mikataba mifupi, ambaye miezi mingine hupata kazi nyingi na miezi mingine hukaa bure. Mama mkwe aliishi nao na ndiye aliyewalea watoto wakati wa zamu za usiku. Familia ilikuwa na mkopo mmoja mkubwa, uliochukuliwa wakati baba yake Bi. N. alipokuwa akiugua, na marejesho yake yalikata theluthi ya mshahara kabla haujamfikia. Mshahara wenyewe, ambao kwa viwango vya kada yake haukuwa mdogo sana, ulichelewa mara kwa mara, safari moja kwa wiki saba.

Ninasisitiza kwamba hakuwa fukara, kwa sababu watu wengi hudhani wanaokwenda nchi za mbali ni wale wasio na chochote. Kuhama nchi kuna gharama: pasipoti, mtihani wa lugha, uhakiki wa vyeti, vipimo vya afya, viza, nauli, na miezi ya kusubiri ambayo mtu lazima aendelee kula na kulipa pango. Maskini wa mwisho kabisa, akihama, mara nyingi huishia mji wa jirani au nchi ya jirani. Mwanajiografia Ernst Georg Ravenstein alikwishaandika mwaka 1885 kwamba wahamaji wengi huenda umbali mfupi, na hadi leo hali haijawa tofauti sana. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2024 watu milioni 304 walikuwa wakiishi nje ya nchi walizozaliwa. Ni umati mkubwa, lakini haufiki watu 4 katika kila 100 duniani. Kwa hiyo swali la kwa nini mtu ameondoka lina pacha wake: kwa nini wenzake wengi, wenye shida zilezile, wamebaki? Katika wadi ya Bi. N. walikuwapo wauguzi tisa, yeye akiwemo, wenye mshahara unaofanana. Mwaka ule aliondoka yeye peke yake.

Yaliyotokea

Katika kikao cha kwanza nilimuuliza kwa nini anataka kwenda nje. Alijibu kwa maneno mawili ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: "Natafuta maisha." Nikayapokea kana kwamba yamejitosheleza. Nilichukua karatasi, nikachora mstari katikati, upande mmoja nikaandika mapato na matumizi yake akiwa nyumbani, upande wa pili mapato na matumizi yake akiwa ughaibuni, pamoja na kodi, bima, pango na pesa za kutuma. Hesabu ilionyesha kwamba angehamia hospitali binafsi katika mji huohuo, kipato chake kingepanda kwa karibu nusu, na tofauti kati ya kubaki na kuondoka ingepungua sana. Nikamshauri ajaribu njia hiyo kwanza. Alinishukuru, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani. Wiki mbili baadaye nilipata habari kwamba ameshaanza taratibu za kuondoka.

Wakala wa kwanza alimtoza ada aliyoiita ya usajili na kumtaka aache vyeti vyake halisi ofisini kwake. Aliilipa ada, lakini kabla hajakabidhi vyeti akanipigia simu kuuliza. Nilimweleza kwamba Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi kuwatoza wafanyakazi ada kwa kuwatafutia ajira, isipokuwa pale mamlaka za nchi ziliporuhusu kwa sababu maalumu, na kwamba cheti halisi hakiachwi kwa mtu. Aliondoka kwa wakala yule. Ada haikurudi.

Wakala wa pili hakudai kitu. Mwajiri wa ughaibuni ndiye aliyelipia nauli, viza na mafunzo ya awali. Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja, na kwenye ukurasa wa saba, katikati ya vifungu vya likizo na sare za kazi, palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba mfanyakazi akiacha kazi kabla ya miaka mitatu atarejesha gharama zote za kumleta. Haikusema kwamba deni hilo lingepungua kadiri anavyotumikia. Tuliisoma pamoja mara tatu. Nilimshauri aombe deni hilo lipunguzwe kwa kila mwaka atakaotumikia. Aliomba, akajibiwa kwamba mkataba ni mmoja kwa wote. Akatia saini.

Mtihani wa lugha aliufaulu kwa mara ya pili. Tangu kikao chetu cha kwanza hadi siku ya safari ilipita miezi minane.

Alipofika, aligundua kwamba kusajiliwa kama muuguzi kunahitaji mtihani wa vitendo ambao foleni yake ni ndefu. Wakati akisubiri aliwekwa katika nyumba ya kulelea wazee kama mhudumu, akiwaogesha, akiwalisha na kuwageuza vitandani, kwa mshahara wa chini kuliko aliotajiwa. Alikuwa ameambiwa hali hiyo itadumu miezi sita, ikadumu kumi na minne. Mtihani wa kwanza alishindwa. Aliniandikia ujumbe siku ile kwamba baada ya miaka sita ya kutafuta mishipa ya damu kwenye mikono ya watoto wenye uzito wa kilo moja, ameshindwa kwa sababu hakutamka kwa sauti kila hatua aliyoichukua. Mara ya pili alitamka kila hatua, akafaulu, akahamishiwa wadi ya watoto wachanga ya hospitali kubwa.

Nyumbani, mkopo uliisha mwezi wa kumi na sita tangu aondoke. Mume alipoteza mkataba mwezi wa kumi, na kwa miezi mitano nyumba nzima iliendeshwa kwa pesa alizotuma Bi. N., yaani pesa za mhudumu wa wazee. Ndugu wengine nao walianza kupiga simu. Katika mwezi wa kumi na tisa, alipokuwa akizungumza na watoto kwa simu kuhusu likizo yake ya kwanza, mtoto mdogo alimuuliza kwa upole kabisa: "Mama, ukija utalala chumba cha wageni?"

Mwezi uliofuata alikuja nyumbani kwa wiki tatu, na katika wiki ya pili akaja ofisini kwangu. Ndipo aliponieleza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Siku kumi na moja kabla ya kikao chetu cha kwanza alikuwa zamu ya usiku. Watoto watatu walihitaji oksijeni, na mashine iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa moja, isiyo na kigawanyio. Alikaa kati ya vitanda akiuhamisha mpira wa oksijeni kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kwa kutazama saa ya mkononi, dakika kwa dakika, tangu saa nane usiku. Kulipokucha walikuwa hai wawili. Aliandika taarifa na kutaja upungufu wa vifaa. Taarifa ilirudishwa, akatakiwa aeleze kwa nini hakutoa rufaa ya mtoto wa tatu mapema zaidi.

"Ulipochora ile karatasi yako," aliniambia, "nilitafuta mahali pa kuliandika hilo, nikakosa."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kuondoka, haukufanywa na mtu mmoja. Familia iliketi mara mbili. Mume, mama mkwe, kaka mkubwa wa Bi. N. na yeye mwenyewe walizungumza, na kwa maelezo yake hawakuzungumzia sana ukubwa wa mshahara wa ughaibuni. Walizungumzia uhakika wake. Kaka yake alisema kwamba nyumba hii ina vipato viwili na vyote viwili vinayumba kwa upepo mmoja, kwa maana nchi ikikwama mume hukosa kazi na serikali huchelewesha mshahara kwa wakati mmoja. Walitaka kipato kimoja kitoke mahali ambapo upepo mwingine unavuma. Wachumi Oded Stark na David Bloom waliieleza hoja hiyohiyo mwaka 1985, walipoonyesha kwamba uhamaji mara nyingi ni mkakati wa kaya nzima wa kugawanya hatari, na haupimiki vizuri kwa kulinganisha mishahara ya mtu mmoja. Kaka yake Bi. N. alifika hapo bila kusoma uchumi.

Uamuzi wa pili ulihusu nani aende. Mume alikuwa tayari, lakini fundi umeme asiye na leseni inayotambulika nje angeanza chini kabisa, huku wauguzi wakitafutwa katika nchi nyingi ambazo watu wake wanazeeka. Soko lilimchagua mama. Hili halikuzungumzwa kwa undani wake. Walipanga nani atapika na nani atapeleka watoto shule. Hakuna aliyeuliza mtoto wa miaka minne atamkumbuka mama yake kwa namna gani baada ya miaka miwili.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa muda: miaka mitatu, kisha kurudi. Nilipomuuliza kwa nini mitatu, alitaja muda wa mkataba. Kwa maneno mengine, tarehe ya kurudi iliwekwa na mwajiri kwa njia ya kifungu cha ukurasa wa saba, na familia ikaifanya kuwa yao bila kuiuliza maswali.

Uamuzi wa nne, wa familia kuhamia kwake, ulianza wakati wa likizo ile na kukamilika katika mwezi wa thelathini na moja. Sababu zilizotolewa safari hii zilikuwa tofauti kabisa na za mwanzo. Deni lilikuwa limekwisha. Kilichobaki ni watoto, na kazi ambayo Bi. N. sasa aliipenda tena. Aliniambia kwamba katika wadi yake mpya kila kitanda kina mashine yake, na kwamba wiki ya kwanza alikuwa akizihesabu kila anapoingia zamu.

Matokeo

Katika mwezi wa thelathini na nane, wakati wa mawasiliano yetu ya mwisho ya kiofisi, hali ilikuwa hivi. Mume na mtoto mdogo walikuwa wamehamia kwake. Mume alikuwa akisomea leseni huku akifanya kazi ya ghala. Mtoto mkubwa, aliyekuwa sasa na miaka 13, alikataa kuhama hadi amalize mitihani yake, akabaki na bibi yake. Kifungu cha miaka mitatu kilikuwa kimepita bila kutumika. Mpango wa kurudi haukufutwa kwa kikao chochote. Uliacha tu kutajwa.

Nyumbani, nafasi yake katika wadi haikujazwa kwa mwaka mzima na ushei. Wauguzi tisa wakawa wanane, na zamu zikagawanywa upya.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Swali la "kwa nini unaondoka" humfanya mtu atoe jibu lililo tayari, jibu ambalo jamii inalielewa na halimuumizi anayelitoa. "Natafuta maisha" ni jibu la heshima. Linamruhusu mtu aondoke bila kumlaumu mwajiri wake, nchi yake wala ndugu zake. Mshauri anayelipokea na kulitafsiri mara moja kuwa ni pesa amelifunga jambo kabla halijafunguliwa. Ushauri wangu wa kuhamia hospitali binafsi ulijibu hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi, lakini Bi. N. hakuwa akitafuta hospitali yenye mshahara mkubwa zaidi. Alikuwa akitafuta mahali ambapo hatalazimika tena kuchagua kati ya watoto watatu kwa saa ya mkononi. Kama ningelijua hilo, tungeweza kuzungumzia uhamisho wa wadi, likizo, au hata msaada wa kisaikolojia baada ya usiku ule. Huenda angeondoka vilevile, ila angekuwa amechagua huku kila kitu kikiwa mezani.

Everett Lee, katika maelezo yake ya mwaka 1966, aligawa mambo yanayoamua uhamaji katika mafungu manne: yaliyoko mtu anakotoka, yaliyoko anakokwenda, vikwazo vilivyo katikati, na hali ya mtu mwenyewe. Sisi washauri tunayakumbuka mawili ya kwanza, tukiyaita ya kusukuma na ya kuvuta, na karatasi yangu ya mstari katikati ilitoka huko moja kwa moja. Mawili ya mwisho ndiyo yaliyomtenganisha Bi. N. na wenzake wanane. Vikwazo kwake vilikuwa vyepesi kidogo, kwa sababu alikuwa na mwenzake wa chuo aliyekwisha tangulia, aliyemwelekeza mtihani upi afanye na fomu ipi ajaze. Na hali yake binafsi ilibadilishwa na usiku mmoja. Wenzake walikuwa na mishahara ileile na mashine zilezile mbovu, lakini hawakuwa na rafiki wa kuwashika mkono, au hawakuwa zamu usiku ule.

Kilichofanikiwa zaidi katika kisa hiki ni mambo ya kiutaratibu. Vyeti halisi vilibaki mikononi mwake. Mkataba ulisomwa wote, na ijapokuwa kifungu cha marejesho hakikubadilika, alikijua, na aliweka akiba ndogo kila mwezi kwa ajili yake hadi muda wake ulipopita. Mkopo ulipewa kipaumbele kabla ya maombi ya ndugu, uamuzi uliomgharimu uhusiano na wifi yake mmoja kwa muda. Pia alibadili njia ya kutuma pesa baada ya kugundua ni kiasi gani kinabaki njiani. Nchi za dunia zilikubaliana kupitia Malengo ya Maendeleo Endelevu kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama ya kutuma pesa ishuke chini ya asilimia 3, lakini wastani wa dunia umeendelea kuzidi asilimia 6, na kwa mtu anayetuma kila mwezi kwa miaka mitatu hiyo si hesabu ndogo.

Kilichoshindwa zaidi ni upande wa muda. Familia ilipanga kuondoka kwa makini na haikupanga kupitia upya sababu za kuondoka. Mtu hutoka kwa sababu moja na hubaki kwa sababu nyingine, na zile za kubaki hukua kimyakimya. Bi. N. alikwenda kwa ajili ya deni, uhakika wa kipato na usiku ule. Deni lilipoisha mwezi wa kumi na sita, palipaswa kuwa na kikao. Hakikuwapo, na miezi ilipita huku mume akiamini mpango ni kurudi na mke akiamini kila mtu ameshaelewa kwamba harudi. Nilikuwa nikizungumza na wote wawili wakati huo, na sikuliona.

Miezi kumi na minne ya kufanya kazi chini ya ujuzi wake nayo isichukuliwe kama ajali. Hutokea kwa wataalamu wengi wanaohama, kwa kuwa cheti hakivuki mpaka kwa urahisi kama mwenye cheti. Wakala alijua urefu wa foleni ya mtihani, au alipaswa kujua. Siku hizi ninawataka wateja wangu waombe kwa maandishi muda halisi uliowachukua watu watano wa mwisho waliotangulia, badala ya muda unaotarajiwa.

Kuhusu wadi aliyoiacha, sikubaliani na wanaomlaumu muuguzi. Kanuni za Shirika la Afya Duniani kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kimataifa, zilizopitishwa mwaka 2010, zinatambua haki ya mhudumu kuhama na pia zinazihimiza nchi tajiri zisiajiri kwa makusudi wahudumu kutoka nchi zenye upungufu mkubwa. Orodha ya mwaka 2023 ilitaja nchi 55 za namna hiyo. Kanuni hizo ni za hiari. Lakini hata zingekuwa za lazima, zisingeleta mashine ya pili ya oksijeni katika wadi ile, na ni ukosefu wa mashine ya pili uliomtoa Bi. N. kabla mwajiri yeyote wa nje hajamwita. Taarifa yake ya usiku ule ilikuwa nafasi ya kumbakiza. Ilirudishwa ikiwa na swali la kumtafuta mwenye makosa.

Nimeacha kuanza kikao kwa "kwa nini". Ninamwomba mtu anisimulie wiki mbili za mwisho kabla hajaamua, siku baada ya siku: alifanya nini, nani alimpigia simu, nini kilitokea kazini, nani aligombana na nani nyumbani. Mwaka huu alinijia muuguzi mwingine kutoka wadi ileile, mmoja wa wale wanane. Nilimuuliza hivyo. Alizungumza kwa dakika arobaini bila kutaja pesa, na mshahara ulipokuja kutajwa, ulikuwa katika sentensi moja, mwishoni, alipokuwa ameshasimama kuaga.